Kobe wa Hina

Papai ikioza ndani ya majani yenye maji, iko na harufu yake. Si harufu mubaya. Iko kama pombe kidogo, kama sukari kidogo, na chini yake unasikia udongo. Mutu mwingine akiisikia anatafuta fagio. Mimi nikiisikia nasimama. Leo asubui nilisimama hivyo nyuma ya jikoni, mikono miwili juu hewani, imejaa hina ya ndoa ya yaya wangu, dada yangu mukubwa, sijui nianze na kulia ao na kukasirika. Nikachagua kukasirika. Kulia kunakawisha mutu. Sasa hina imekauka, inaanguka kidogo kidogo juu ya hii karatasi, na imeharibika, mutaona juu ya nini.

Nilikulia hapa Kasongo, kwa tate wangu, mama ya baba. Wazazi walikuwa Kabambare na yaya, na duka yao ndogo ya chumvi na sabuni, na walisema masomo ya Kasongo iko na nguvu zaidi. Hawakuniuliza. Mutoto anatumwa kama mufuko. Nililia siku nyingi sana. Kwa parseli ya tate, nyumba na kiwanja chake, tulikuwa watatu tu: tate, mimi, na baba mudogo, mudogo wa baba, ambaye alikuwa bado hajaoa. Alikuwa na pikipiki. Alikuwa anabeba vitu ya watu na vitu yake mwenyewe mupaka Wamaza, mupaka Salamabila kule kwa wachimbaji wa zahabu, na anarudi na matope mupaka kwa nyusi.

Mimi nina jina ya tate. Kwa hiyo baba mudogo alikuwa ananiita mama, na hakuwa anacheza. Akitoka safari, hata kabla ya kunawa, anakuja kuinama mbele yangu na ndevu yake na vumbi yake.

"Mama, mutoto wako amefika. Umemubakishia chakula?"

"Kanawe kwanza," najibu, mimi mwenye mapengo mbele.

Tate anacheka mupaka anajishika kiuno. Sijui kama munaelewa kitu kama hicho kinafanya nini ndani ya mutoto. Mama yangu alikuwa mbali, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa na mutoto mwenye ndevu.

Kobe wa kwanza alikuja peke yake, mvua ilipokatika. Nilikuwa nachuma mutembele, majani ya viazi, nyuma ya jikoni, nikaona jiwe linatembea. Nikapiga kelele. Baba mudogo akatoka na povu ya sabuni kwa uso, akamuona, akakaa chini kabisa kwenye matope.

"Nyamaza, mama. Huyu ni mugeni. Mugeni hapigiwi kelele."

Akamugeuza kidogo, akanionyesha namna gamba yake inajifunga nyuma kama mulango wa duka, miguu na mukia vinabaki ndani. Mimi sikuwa nimewahi kuona nyumba inayojifunga yenyewe. Nikauliza kama tunaweza kuwa na wengine. Yeye akaniangalia muda murefu, akijikwaruza ndevu yenye sabuni, na akasema, "Tunaweza. Lakini kobe hatumufuati. Tunamutengenezea pahali, anakuja mwenyewe."

Na tukatengeneza. Yeye ndiye alinifundisha yote. Tusifagie tena nyuma ya jikoni, majani yabaki yanaoza. Papai inayoanguka tuiache pale inaangukia. Alikokota shina ya mugazi, muti wa mawese, iliyokufa, tukailaza kwenye kivuli na kuimwagia maji ya kuosha muchele, na kisha wakati kidogo uyoga ukatoka mweupe, umejaa. Tukafukia sinia ya zamani mupaka kwa midomo yake, nikawa naijaza maji kila nikitoka masomo. Mwisho akafungua tundu chini ya lupango, uzio wetu wa matete, upande wa kijito, kadiri ya kichwa cha mutoto. "Hii ni mulango yao," akasema. "Yetu ni ile ingine."

Tate hakufurahi. Kwake yeye, parseli isiyofagiwa ni haya. "Malaika watapita wapi?" anauliza. "Juu ya papai ya kuoza?"

"Watapita mbele, mama," baba mudogo anamujibu. "Nyuma ni pa mama mwingine," na ananionyesha mimi.

Walikuja. Mvua inakatika, jua linatoka na joto, na wanaingia kwa mulango yao, polepole, shingo mbele, kama wazee wanaoingia kwa matanga. Yule wa kwanza nikamuita Tulia. Gamba yake ilikuwa imevunjika kipande karibu na shingo. Mwingine alikuwa Neema. Neema alikuwa anakula papai mupaka uso wote unakuwa na rangi ya machungwa. Wengine sikuwapa majina juu walikuwa wanapita tu. Niliacha kulia juu ya Kabambare. Hata sikuona siku gani niliacha.

Ikafika Idi. Tate akatwanga hina, akanipaka, na ikabaki kidogo kwenye kibakuli. Baba mudogo akachungulia.

"Na wale wa nyuma? Idi yao ni siku gani?"

Nikakimbia na kibakuli. Nikamupaka Tulia maua kwenye gamba, ua moja kwa kila pande, na lile la katikati likaenda upande juu alitembea. Nilifikiri mvua itaosha. Lakini hina ilishika kwenye gamba kama inavyoshika kwenye kucha, nyekundu, kabisa. Baba mudogo alipoona, akapiga mikono. "Sasa ni mutoto wa nyumba!" Na toka siku ile, akirudi Salamabila, ananiletea pakiti ya hina, ile ya duka yenye picha ya mwanamuke. Mutu mukubwa, amechoka, na amefikiria hina ya kobe wangu. Nilikuwa naonyesha pakiti zile kwa masomo.

Wakati ule nilikuwa na rafiki mumoja tu, Furaha, jirani yetu. Familia yao ilitoka upande wa Kivu, ni Wakristo. Siku ya kwanza nilimuonyesha Neema, akameza mate.

"Kwetu tunakula ile," akasema. "Iko tamu, yo!"

Nilimutoa nje ya parseli na fagio. Kesho yake nikamuuliza mwalimu wa madrasa mbele ya watoto wote: kobe ni haramu ao si haramu? Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Kwetu sisi kumula ni haramu," akasema, na akarudi kwa somo. Mimi nikarudi nyumbani nikiruka. Haramu! Nilielewa kama mutoto anavyoelewa: haramu ni kitu ambacho mukono hauwezi kugusa. Basi mutu wa nyumba yetu hawezi kumufanya kobe kitu. Hatari iko kwa kina Furaha. Nikaweka miiba upande wao wa lupango, na tundu ya upande wa kijito nikaipanua, waingie wengi, wakimbilie kwetu. Nilikuwa najiona kama mwenye mji anayefungua mulango kwa watu wanaokimbia vita.

Kisha Tulia akakosekana.

Nilimutafuta chini ya mutembele, chini ya shina, mupaka kwa kijito. Baba mudogo alirudi safari siku iliyofuata, akanikuta nimekaa karibu ya sinia.

"Mama, unalia nini?"

"Tulia hako."

Hakukawia hata kidogo kujibu. Ndiyo kitu narudilia kila mara: hakukawia.

"Kumbe hawakukuambia? Tulia ameolewa."

"Ameolewa?"

"Si ulimupaka hina mwenyewe? Mwanamuke akipakwa hina anafanya nini? Anaenda kwa mume wake. Iko upande wa Salamabila. Kule kuna kobe matajiri." Tate alikuwa kwenye mulango wa jikoni, anapepeta muchele. Hakuinua macho.

Na niliamini. Nyinyi chekeni tu. Nilikuwa nimeona mabibi-arusi wa Kasongo, namna wanapakwa, wanalia, wanapanda, na parseli inabaki kimya. Hakuna mutu alisema yule ameibiwa. Wanasema ameolewa, atakuja kututembelea. Basi nikapaka wengine. Nikamupaka hata Neema, nikamuambia sikioni, kama kobe ana sikio, asiende haraka. Wengine wakapakwa, wakakaa siku kidogo, wakaenda kuolewa. Mimi nilikuwa mama wa mabibi-arusi, nina huzuni na kiburi, kama mama wote.

Furaha ndiye aliniambia. Alisimama upande wa pili wa miiba yangu.

"Baba yako mudogo ndiye anawabeba. Nimemuona na kikapo."

"Muongo! Nyinyi ndio munakula!"

"Sisi tunakula, ndiyo. Lakini hatuibi. Muulize."

Nilimutupia jiwe. Likamupata kwa mukono. Hakulia, aliniangalia tu, kisha akaingia kwao na hatukuongea tena.

Vakansi ikafika, likizo ya masomo. Baba mudogo angenipeleka Kabambare kwa wazazi, lakini kwanza apite Salamabila, kulikuwa na vitu vya kuacha. Nikasema vizuri sana, basi tutawatembelea. Akafunga kamba ya muzigo.

"Tutaona, mama. Kama njia ni muzuri."

Mutu haendi kumuona bibi-arusi mikono mitupu. Nikachuma papai kubwa, imeiva upande mumoja, nikaishika kwenye magoti. Asubui ile nilikuwa nimemutafuta Neema nimuage, sikumuona, nikasema labda amelala. Nilikaa kati ya baba mudogo na kikapo kikubwa kilichofunikwa na gunia. Njia munaijua: matope, miti ya kuvukia mito, kushuka, kusukuma, kupanda tena. Tulilala Wamaza. Njia yote, nyuma ya mugongo wangu, ndani ya kikapo, kitu kilikuwa kinakwaruza. Kwaru, kwaru. Nikafikiri ni kuku. Nikawa nakiimbia ili kitulie.

Salamabila niliona watu wengi kuliko Kasongo siku ya soko, wote na matope, wote wanasema kwa nguvu. Tulisimama mbele ya turubai pahali mama mumoja alikuwa anapikia wachimbaji. Hata pikipiki bado haijazimika, vijana wakaanza:

"Papa Kobe! Papa Kobe amefika!"

Mimi nikajinyoosha. Nikajiambia: unaona, hata hapa wanamujua, ni baba wa mabibi-arusi.

Yule mama akatoka, anajipangusa mikono kwa kikwembe cha kiunoni. "Papa Kobe, leo za hina ziko?"

"Ziko, mama. Nipe maji kwanza."

"Ni mimi napaka hina!" nikasema. Nilisema kwa nguvu, wote wasikie.

"Kumbe ni weye?" Akanishika uso na mikono miwili, mikono ya moto, yenye mafuta ya mawese. "Mutoto wa baraka! Wateja wangu wanaulizaka: hii ni ya hina? Kama si ya hina, hawataki. Zile za pori ni mifupa tu. Zenu zinakula papai, ziko na mafuta. Na samaki inaoza njiani, lakini hii inafika muzima. Kaa, kaa, nikupe chakula."

Mafuta. Neno lile halikuingia mara moja. Lilibaki nje, linanigongea. Yule mama akafunua chungu, akachukua sahani, na baba mudogo akainua mukono haraka.

"Huyu apana, mama. Mupe majani ya sombe tu. Sisi hatukuli ile."

Ni pale maneno yaliniingia, kwa hayo yake. Sisi hatukuli ile. Alisema vizuri, kwa heshima, namna tate angesema. Haramu ilikuwa pale pale, hakuna mutu aliivunja. Nikaangalia meza. Karibu na sahani kulikuwa na chumvi, na chumvi ilikuwa ndani ya gamba iliyogeuzwa juu chini. Nikaiinua. Chumvi ikamwangika. Maua yangu, nyekundu bado, na lile la katikati limeenda upande. Karibu na shingo, kipande kimevunjika.

Nilienda kwa kikapo, nikatoa gunia. Neema alinyoosha shingo. Alikuwa na papai ya jana kwenye mudomo. Nikamubeba kwenye kifua.

"Baba mudogo, huyu turudi naye."

"Mama, acha."

"Turudi naye."

Akainama, akasema chini: "Mama, usinitie haya mbele ya watu."

"Mimi ni mama yako! Nimesema turudi naye!"

Wachimbaji wakapasuka kwa kucheka. "Papa Kobe, mama yako ameamuru! Utii!" Kama hawangecheka, sijui. Labda angemuacha. Nimemupatia hiyo labda miaka mingi. Lakini walicheka, na yeye akacheka pamoja nao, ile cheko ambayo nilidhani ni ya nyumbani kwetu peke yake. Akafungua vidole vyangu, kimoja kimoja, bila kuniumiza, akamutoa Neema, akamupa yule mama.

Yule mama hakuwa mubaya. Aliona nalia, akatafuta kitu cha kunifurahisha. Akachukua papai yangu, akaikata, akaweka kipande kubwa chini mbele ya Neema. "Ona, anakula," akaniambia. "Ale, asikonde mupaka kesho." Na Neema akala, uso wote rangi ya machungwa.

Kabambare nilimuambia baba yote. Baba alikuwa anapima chumvi. "Ni kazi yake," akasema. Tuliporudi Kasongo nikaenda moja kwa moja kwa tate, bado na vumbi.

"Tate, ulijua?"

Tate alifagia kidogo pahali palipokuwa pasafi tayari. "Ulikuwa unalia kila siku," akasema. "Mchana, magaribi, unalia, hukuli. Wakaja wale kobe, ukaacha. Ulitaka nikuambie nini, mutoto wangu?"

Swali lile la tate linaniudhi kuliko yote, mupaka leo. Furaha hakuwa pale. Walikuwa wamehama ndani ya vakansi, nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Mara ya kwanza baba mudogo alipotoka safari, akainama kama kawaida. "Mama, mutoto wako amefika." Nikamuambia mimi si mama yake. Akacheka, akangoja nicheke, kisha akaenda kunawa. Toka siku ile ananiita na jina langu, ambalo ni jina ya mama yake, na analitaja haraka kama kitu cha moto. Tate ndiye alifunga ile tundu, akafagia. Niliendelea na masomo, nimepata diplome, watu wanasema nimekomaa.

Sasa leo. Kesho ni ndoa ya yaya wangu, inafanyikia hapa Kasongo, parseli ya tate imejaa watu, na mimi nikatoka nyuma ya jikoni ili hina ikauke kwenye upepo. Nikasikia ile harufu. Papai imelala chini, imepasuka, hakuna aliyeifagia. Kuna shina ya mugazi kwenye kivuli, na uyoga. Chini ya lupango, upande wa kijito, tundu mupya. Na kwenye kiti kidogo, baba mudogo, ndevu imekuwa nyeupe, anamuonyesha binti yake wa mwisho namna gamba inajifunga nyuma. Mutoto yule hajamaliza hata kubadilisha meno. Aliniona, akanikimbilia na kobe kwenye mikono.

"Yaya! Yaya, umupake hina! Baba amesema kama nikimupaka anakuwa wa nyumba!"

Nikamuangalia baba mudogo. Akaangalia pikipiki yake.

Kama ningefungua mudomo, watu wa ndoa wangesikia mupaka barabarani. Nikamuchukua kobe kwenye mikono ya mutoto, na nusu ya hina yangu ikabaki kwenye gamba. Nikapiga magoti, nikamupitisha kwenye tundu, nikamusukuma upande wa kijito. Nikaziba tundu na mawe. Kisha nikachukua fagio na nikafagia, papai, majani, uyoga, yote, mupaka udongo mutupu, na shina nikaibingirisha nje.

"Unafanya nini?" baba mudogo akauliza.

"Nafagia."

Mutoto alikuwa anapiga kelele. Alinishika nguo, akanipiga kwa ngumi yake ndogo. "Uko mubaya! Yaya, uko mubaya sana!" Na akakimbia, akajitupa kwa baba yake. Naye akamubeba, akamulaza kichwa kwenye bega, akamupapasa mugongo polepole, polepole, namna anavyojua.

"Nyamaza, mama," akamuambia. "Nyamaza. Baba yuko hapa."